Kumi na Tano Kabla ya Kumi na Nne

Fundi Mstari hakuwa mgeni wa kumkaribisha nyumbani kama sakafu yako ina kasoro. Watu wengine wakiingia ndani huangalia kwanza nyuso za wenyeji, kisha picha za ukutani, kisha, kwa jicho la wizi, kama kuna chochote kinachokuja kutoka jikoni. Yeye aliangalia chini. Salamu ingali mdomoni, jicho limekwisha kukimbia na mistari ya vigae mpaka kona ya mbali, na kama mstari umepinda hata kwa unene wa kucha, mwenye nyumba ataambiwa kabla hajaulizwa hali ya watoto. Jina la Mstari alipewa kazini, na lilimkaa vizuri hata mkewe akawa analitumia siku akikasirika. Kwa miaka thelathini na minne alitandika vigae kwenye majiko, mabafu, korido za shule na ofisi za watu wasiomkumbuka, na hakuna sakafu yake hata moja iliyowahi kutuamisha maji.

Mafundi wenzake walikuwa wakimwita kuamua ugomvi. Mwenye nyumba anadai fundi kaharibu, fundi anadai nyumba yenyewe ndiyo mbovu, na pale katikati vigae vimepasuka. Fundi Mstari alivizunguka mara moja, mikono nyuma, kisha akatoa hukumu. "Vingepasuka huku na kule, ningesema aliyevitandika alikuwa amelewa. Lakini hivi vimepasuka mstari mmoja. Chimbeni chini, kosa liko kwenye zege." Walichimba, na ufa waliukuta.

Basi kiharusi kilipompata, asubuhi moja akiwa amepiga magoti bafuni kwa mteja, kilichomuuma zaidi baada ya kupata fahamu ni kwamba walimbeba kabla hajamaliza safu ya mwisho.

Hakikuwa kiharusi kikubwa, madaktari walisema. Ulimi ulirudi baada ya wiki moja, mguu baada ya mwezi. Mkono wa kulia ndio uliogoma, ukakaa ubavuni kama mgeni aliyenuna. Mtaalamu wa viungo pale hospitali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, alimpa mpira laini wa kuminya, mara mia asubuhi na mara mia jioni. Fundi aliuminya mara saba, akasema huo ni mchezo wa watoto, akausukuma chini ya kochi kwa mguu. Mkewe akautoa. Akausukuma tena. Wiki mbili nzima nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine.

Hapo ndipo Kitinda alipopata wazo. Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, na jina hilo la kitindamimba halikumwacha ingawa alikuwa na miaka thelathini na mmoja na kazi yake mwenyewe. Alikuwa karani wa zahanati, mwenye kuingiza majina ya wagonjwa kwenye kompyuta, na saa za mapumziko ya mchana, wenzake wakipiga soga, yeye alijifunza kutengeneza programu kutoka kwenye masomo ya kwenye simu. Alikuwa ameanza programu tatu na hakumaliza hata moja. Mama yake, ambaye kabati lake lilijaa masweta aliyoanza kufuma yakaishia mkono mmoja, alisema angalau sasa wanajua mtoto kamrithi nani.

Hii ya nne aliimaliza. Ulikuwa mchezo wa namba wa kuchezea kwenye simu, na aliuita Sakafu. Ubao una miraba kumi na sita, minne kwa minne. Kumi na tano ina vigae vyenye namba, mmoja ni mtupu. Namba zimevurugwa, na kazi yako ni kuzirudisha zikae moja hadi kumi na tano, mstari baada ya mstari. Huruhusiwi kuinua kigae. Unakisogeza tu kwenye nafasi iliyo wazi, kisha kingine kinapata nafasi, na kingine, mpaka sakafu ifunge. Kufunga lilikuwa neno la baba yake. Sakafu iliyofunga ni ile ambayo kila kigae kimekaa pake na hakuna kilichobaki mkononi.

Kitinda aliutengeneza kwa mapenzi, tena mpaka kwenye vitu vidogo. Kati ya vigae aliweka mistari ya kijivu ya grauti, ile saruji laini ya kuzibia viungo. Alihakikisha kwamba kigae hakiendi kwa kuguswa tu. Lazima kidole kikisukume polepole mpaka mwisho, kikiachia njiani kigae kinarudi, ili mkono ufanye kazi kweli. Kigae kikifika, simu inatoa mlio wa nyundo ya mpira, na mlio huo aliurekodi mwenyewe kwa kugonga kizingiti cha mlango kwa nyundo ya baba yake. Akaweka pia kwamba ubao ni mmoja tu kwa siku, mpya kila asubuhi, maana alimjua baba yake: angecheza mpaka mkono uvimbe.

Alijaribu kila kitu, au ndivyo alivyoamini. Ili aone kama pongezi ya mwisho inatokea, alijitengenezea ubao uliobakiza kigae kimoja tu kusogezwa, akakisogeza, na maandishi yakatokea: Sakafu imefunga. Hongera, Fundi. Aliruka kwenye kiti mpaka mgonjwa aliyekuwa dirishani akauliza kama kuna habari njema. Lakini mchezo mzima, kutoka kwenye fujo mpaka mwisho, hakuwahi kuucheza hata mara moja. Kwanza hakuwa na subira. Pili, alijiambia, mchezo ni wa baba, si wake.

Siku ya kwanza Fundi Mstari alikaa na simu kwa saa moja na robo, ulimi nje pembeni mwa mdomo, na sakafu ikafunga. Alimwita mkewe kutoka uani aje asome ile pongezi. Siku ya pili ikafunga tena. Siku ya tatu alipanga mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, akafika wa mwisho, na pale vigae vikakaa hivi: kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne. Alirudi nyuma akavuruga, akapanga upya. Kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne. Chakula cha mchana kilipoa mezani.

"Huu wa leo haufungi," alimwambia Kitinda jioni aliporudi kutoka kazini.

Kitinda alikuwa amechoka, miguu inamwaka. Akautupia ubao jicho moja. Ulikuwa umebakiza kidogo mno, namba mbili tu zimepishana, na alimwonea huruma baba yake.

"Ulikuwa umefika, baba. Siku nyingine mtu anaamka vibaya, akili inachoka. Kesho utauweza."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliingia ndani sana. Mtu akikupinga kwa ukali unaweza kumjibu. Fundi Mstari alichukua daftari lake la vipimo, kalamu akaishika kwa mkono wa kushoto, akaandika tarehe na kuchora duara. Zile siku mbili za mwanzo akaziwekea alama ya vema.

Wiki zikaenda. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kutii. Alifunga vifungo vya shati, akashika kikombe. Mtaalamu wa viungo aliridhika sana hata akatabasamu, jambo ambalo wauguzi walilisimulia. Lakini nyumbani mzee alizidi kunyamaza. Siku moja walikwenda kumtembelea mdogo wake, aliyekuwa ametandikiwa sebule na fundi wa kubahatisha, mistari imekwenda kombo kutoka mlangoni mpaka dirishani. Kitinda na mama yake walijiandaa kwa aibu. Fundi Mstari aliangalia chini, akakaa, akapokea glasi ya maji, akasema nyumba ni nzuri.

Mkewe alimfinya Kitinda pajani. "Baba yako anaumwa," alinong'ona. "Sasa ndiyo anaumwa."

Ndipo akaja Saruji. Saruji alijifunza kazi kwa Fundi Mstari kwa miaka tisa. Sasa ndevu zake zina mvi, ana mafundi wake kumi na mbili, na alikuwa amepata kazi ya kutandika mabafu ya wodi mpya ya wazazi. Sakafu za kuogea hazitaki mzaha. Lazima zishuke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, kidogo ambacho jicho la kawaida halioni, na kutoka pande zote nne. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia mikononi, kama bado anajifunza.

"Mimi sitaki mkono wako, mzee. Mikono ninayo. Nataka jicho. Ukae kwenye kiti, useme hapa inua, hapa shusha. Basi."

Fundi Mstari alisema atamjibu. Siku ya Alhamisi akampigia simu: aje Jumamosi adhuhuri achukue pimamaji, uzi, miko na ile nyundo ya mpira, vyote, maana yeye kazi amemaliza. Mkewe alisikia kutoka jikoni, akazima jiko, akaketi chini palepale.

Kitinda alipofika na kuelezwa, hakuvua hata viatu.

"Baba, kwa nini? Amesema ni jicho tu."

"Jicho ni akili. Na akili yangu inakuja kazini nusu ya siku."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mchezo wako." Alilisema bila chuki, kama anayesoma kipimo kwenye futi. "Leo inafunga, kesho haifungi. Mtu yuleyule, kidole kilekile. Wewe mwenyewe uliniambia akili inachoka."

"Ule ni mchezo tu, baba!"

"Na wodi ya wazazi je? Mama kajifungua jana, anaingia kuoga, maji yametuama pale nilipokosea, anateleza na kichanga mkononi. Nikamwambie siku hiyo niliamka vibaya?" Akageukia dirisha. "Mwache Saruji achukue. Vyombo visikae bure."

Ndipo Kitinda alipovua viatu. Na la kusikitisha ni kwamba alimwamini. Si kwamba alitaka, lakini mchezo aliutengeneza mwenyewe, na kompyuta haiumwi kiharusi. Aliingia chumbani kwake akalia akiwa amekumbatia mto, hasira zake zote zikiwa juu ya ule ugonjwa.

Jumamosi asubuhi alipewa kazi ya kufuta vyombo kabla havijaondoka. Alikaa kwenye kizingiti na kitambaa, mfuko wa turubai miguuni. Akafuta mwiko mkubwa, mwiko mdogo, pimamaji yenye kiputo chake cha hewa kinachokwenda na kurudi. Mfukoni pembeni akakuta pakiti ya vigae vidogo vya urembo, vile vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na nyuma yake lile daftari la vipimo.

Hakukusudia kuchungulia. Lakini lilifunguka penye kalamu, na pale palikuwa na mwandiko ambao hakuujua, mwandiko wa mkono wa kushoto, wa mtu anayeanza shule. Tarehe, alama. Tarehe, alama. Siku arobaini. Akahesabu: siku ishirini na moja za vema, siku kumi na tisa za duara. Na kwa sababu Fundi Mstari hakuwahi kuandika kosa bila kuandika mahali lilipo, mbele ya kila duara aliandika namba zilizogoma.

13, 15, 14. Chini yake, 13, 15, 14. Na chini yake tena. Mara kumi na tisa.

Kitinda aliacha kufuta. Alilisoma tena kuanzia juu, akiweka kidole kwenye kila mstari. Akili iliyochoka ingekosea leo kwenye tatu, kesho kwenye tisa, kesho kutwa isahau hata mstari wa kwanza. Hii haikukosea popote. Ilipanga vigae kumi na vitatu sawasawa, siku kumi na tisa, na kila siku ikagonga ukuta uleule. Alisikia sauti ya zamani ya baba yake, mikono nyuma, akiwaambia wenye nyumba wachimbe chini.

Alichora mraba kwenye kizingiti kwa penseli ya fundi, akaugawa miraba minne, akachukua vigae vitatu vya urembo na kuviandika moja, mbili, tatu. Alivipanga makusudi vibaya, mbili na tatu zimebadilishana, nafasi ya nne ikabaki tupu. Akaanza kusogeza. Vilizunguka. Akasogeza tena, vikazunguka upande mwingine. Vilikuwa vikifuatana kuzunguka ule mraba kama watu kwenye foleni ambayo hakuna wa kumpita mwenzake: baada ya moja daima ilikuja tatu, baada ya tatu daima ilikuja mbili. Angesogeza mpaka mwaka uishe, zisingekaa moja, mbili, tatu.

Kumbe kuna mpangilio usiofunga. Si mgumu tu. Haufungi, kwa yeyote yule. Na programu yake kila asubuhi ilizitupa namba ubaoni ovyo, popote zinapoangukia, bila kuuliza kama zinaweza kurudi. Siku nyingine bahati ilikuwa nzuri. Siku nyingine alimpa baba yake mgonjwa kazi isiyowezekana, kisha jioni akamwambia akili imechoka.

Furaha ilikuja kwanza, ikamwinua kutoka kizingitini. Aibu ilimkuta kabla hajafika sebuleni. Alisimama koridoni, vigae vitatu mkononi na daftari kwapani, akatamani awe mtu mwingine aliyeugundua huo ufa. Kisha akapiga moyo konde, akaingia.

"Baba, mchezo ni mbovu."

Fundi Mstari alikuwa kwenye kochi, amevaa shati la kutokea kwa ajili ya Saruji. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sikupaki. Mchezo ndio mbovu, si wewe. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Kitinda, ukisema hivyo kwa huruma utaniumiza zaidi."

Akajua maneno hayatasaidia. Alifungua daftari, akaliweka kwenye magoti ya baba yake. "Basi soma kama si lako. Mwenye nyumba kakuita. Vigae kumi na tisa vimepasuka, na vimepasuka hapa. Unamwambia nini?"

Mzee alitazama. Kidole chake kilishuka polepole, duara baada ya duara, kama mtu anayefuata ufa kwenye ukuta. Mkewe alitokea mlangoni mwa jiko na mwiko wa chakula mkononi, akabaki hapo.

"Mstari mmoja," alisema Fundi.

"Mstari mmoja."

"Niambie kuna nini chini."

Kitinda alichora mraba nyuma ya kalenda ya zamani, akauweka mezani pamoja na vile vigae vitatu. Hakueleza kitu, alisema tu: "Zirudishe. Bila kuinua." Mzee akasogeza. Vikazunguka. Akarudisha. Vikazunguka. Mara ya tano alisimama, akavitazama kwa jicho ambalo halikuonekana ndani ya nyumba ile kwa wiki sita, jicho lililofumba kidogo, la kupima.

"Hivi havitafunga," alisema. "Vinafukuzana tu. Hata aje malaika." Akainua uso. "Na vile vyangu kumi na tano?"

"Ni tatizo lilelile, baba, ila kwenye uwanja mkubwa."

"Wewe ulivichanganyaje?"

"Nilivitupa popote. Kama mtu anayemwaga karanga kwenye sinia."

"Ulimwaga vigae." Sauti ilianza kupanda. "Bila kuvipanga pakavu kwanza, kabla ya saruji? Mwanangu mimi, uliyelala kwenye magunia ya saruji ukiwa mchanga! Fundi gani anamwaga vigae bila kuvipanga pakavu ajue kama sakafu inafunga? Na ulipoicheza mwenyewe hukuona?"

Hili ndilo swali aliloliogopa. "Sikuicheza, baba. Hata siku moja. Nilijaribu hongera tu."

Fundi Mstari alisimama, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Siku arobaini. Ulinipa sakafu ambayo hujaikanyaga. Nikakaa hapa najiona chizi. Nikamtazama mama yako nikajiuliza nitaanza lini kumsahau jina. Unajua hilo?"

"Sikujua," alisema Kitinda, machozi yakimshuka. "Nisamehe, baba. Ulinikuta nimechoka nikaamini simu kuliko wewe."

Mzee alihema. Alitembea mpaka dirishani na kurudi, mikono nyuma, yote miwili, na mkewe ndiye aliyeona kwamba ule wa kulia ulikuwa umejishika wenyewe kwenye mwenzake. Akajipangusa macho kwa kanga.

"Lete hiyo kompyuta," alisema Fundi. "Kulia utalia baadaye. Kosa la fundi linarekebishwa na fundi."

Kwa hiyo Saruji alipobisha hodi saa sita kasoro, aliwakuta baba na mwana wamebanana kwenye kiti kimoja mbele ya kompyuta, na hakuna aliyemkaribisha isipokuwa mama wa nyumba.

"Unaanza na sakafu iliyofunga," Fundi alikuwa akisema. "Moja mpaka kumi na tano, safi. Hiyo ndiyo kupanga pakavu. Sasa ivuruge, lakini kwa kusogeza tu. Usiinue kitu. Maana ulichokisogeza kwenda, utakisogeza kurudi."

"Natafuta nafasi tupu, nachagua jirani mmoja kwa bahati, namsogeza," Kitinda alirudia, akiandika. "Narudia mara mia tatu."

"Na usikirudishe kile ulichotoka kukisogeza. Utakuwa unacheza danadana na kigae kimoja."

Kitinda aliacha kuandika, akamtazama. Hilo hakuwa amelifikiria. Akaliongeza.

Saruji alipewa chai, na ili asichoke kusubiri akapewa simu ya Kitinda yenye ule mchezo wa zamani. Hawakumwambia kitu, jambo ambalo halikuwa la haki. Baada ya muda wakamsikia akinung'unika, kisha akitukana kwa heshima. "Hii kumi na tano ina nini?" alisema. "Nani kaitengeneza takataka hii?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Programu mpya ilipokuwa tayari, Kitinda aliicheza yeye kwanza. Hakuna aliyemwambia. Ilimchukua dakika hamsini na jasho, watu watatu wakimwelekeza kwa pamoja, na mwishowe ikafunga. Ndipo akampa baba yake ubao mwingine. Mzee aliupanga kwa mkono wa kulia, bila ulimi kutoka nje, nyundo ya mpira ikilia kila kigae kinapokaa. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Saruji alikuwa amesimama nyuma ya kochi, kikombe kimemwinamia. Kumi na tatu ikakaa. Kumi na nne. Kumi na tano.

Mama alipiga makofi. Fundi hakupiga.

"Moja haitoshi. Hata ule mbovu ulikuwa unafunga nusu. Lete mwingine."

Kitinda aliondoa ile sheria ya ubao mmoja kwa siku. Mzee akacheza wa pili, ukafunga. Wa tatu, ukafunga. Wakala, wakatoa vyombo, akacheza wa nne na wa tano, na jua la alasiri lilipofika kwenye kochi, wa sita ukafunga pia. Fundi Mstari aliiweka simu mezani, uso chini, taratibu. Akafunika macho kwa kiganja, mabega yakamtikisika kidogo, na kwa muda mfupi wote wakaangalia pembeni.

Saruji alijikohoza. Hakujua kama aondoke au akae. Mwishowe akainama kushika mfuko wa turubai uliokuwa mlangoni, maana ndiyo kazi aliyoitiwa.

"Weka chini hiyo," alisema Fundi Mstari.

"Mzee?"

"Nimesema weka chini. Jumatatu saa moja asubuhi uje unichukue. Niletee kiti chenye mgongo, si ndoo. Na hao mafundi wako waambie hakuna kumwaga grauti kabla sijaona maji yakienda kwenye tundu kwa macho yangu." Akavuta pumzi. "Na mdogo wangu nitampigia simu leo. Ile sebule yake ni ya kubomoa."

Jumapili Kitinda alikwenda kulirudisha lile daftari kwenye mfuko wa pembeni. Lilifunguka tena lenyewe. Ukurasa mpya ulikuwa na mchoro wa bafu la wodi, tundu la maji katikati na mishale minne ikielekea kwake. Akarudi nyuma kwenye zile siku arobaini. Maduara yalikuwa yote mahali pake, hakuna lililofutwa. Baba yake hakuwahi kufuta vipimo. Lakini mbele ya kila duara, mara kumi na tisa, palikuwa pameongezwa maneno mawili, kwa mwandiko aliokuwa anaujua tangu utotoni, mwandiko wa mkono wa kulia: Si mimi.

Herufi zilitetemeka, lakini zote zilikaa kwenye mstari.